Nyimbo nane tu: wewe ungevuka na zipi?

Ukisimama asubuhi kwenye daraja la mto Lhubiriha siku ya soko, utaona jinsi watu wa Mpondwe na Kasindi wanavyojua kuchagua. Mama aliyejitwika maharage hakubeba kila alicho nacho nyumbani, amebeba kinachouzika. Kijana wa baiskeli hapakii chumvi ya Katwe, samaki na sabuni kwa safari moja ikiwa tairi haliwezi. Mzigo una kipimo chake, na anayevuka bila hesabu hurudi na hasara.

Kwa hiyo wafanyabiashara wa mpakani hawatashangaa kusikia kwamba kuna kipindi cha redio kilichoishi zaidi ya miaka 80 kwa kuuliza swali moja tu, nalo ni swali la mzigo: ukitupwa peke yako kwenye kisiwa kisicho na mtu, ukaruhusiwa kubeba santuri nane tu, utabeba zipi?

Kipindi hicho ni Desert Island Discs cha BBC. Mtangazaji Roy Plomley alikibuni mwaka 1941, Uingereza ikiwa vitani, na kikasikika mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1942. Mgeni wa kwanza alikuwa mchekeshaji Vic Oliver. Plomley alikiendesha mpaka alipofariki mwaka 1985. Baada yake wakaja Michael Parkinson, Sue Lawley, Kirsty Young na, tangu 2018, Lauren Laverne. Mahojiano yaliyokwisha kurushwa yamepita 3,000.

Kanuni zake ni chache. Mgeni anachagua nyimbo nane na kueleza kila mmoja ulimkuta wapi maishani. Anapewa Biblia na vitabu vya Shakespeare, kisha anaongeza kitabu kimoja anachokipenda na kitu kimoja cha anasa. Kitu hicho kisiwe cha kumsaidia kutoroka kisiwani. Mwishoni anaulizwa: wimbi likija kuzoa santuri zote, utakimbilia kuokoa ipi?

Wapenzi wa kipindi hiki wana mahojiano wanayoyarudia kila mara. Nimechagua machache ambayo mtu wa soko atayaelewa haraka.

La kwanza ni lile ambalo halikurushwa kabisa. Plomley alitaka kumhoji Alistair MacLean, mwandishi maarufu wa riwaya za vita. Mwaliko ukatumwa, mgeni akafika, mazungumzo yakaanza. Ndipo ikabainika kwamba aliyekaa mbele yake si mwandishi, bali ni Alistair MacLean mwingine, mtu wa ofisi ya utalii ya jimbo la Ontario, Kanada. Sisi tunaojua usumbufu wa majina kufanana kwenye karatasi za forodha tunaweza kucheka, lakini tucheke kwa huruma. Jina peke yake halitoshi. Muulize mtu anauza nini.

La pili ni la mwaka 1958. Mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf alichagua santuri nane, na saba kati yake zilikuwa zake mwenyewe. Watu wanalisimulia mpaka leo kama mfano wa majivuno. Muuza nguo anayesifu kitenge chake tangu asubuhi mpaka jioni pengine atamtetea: kama mwenye mali hasifu mali yake, nani ataisifu?

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani, alifika kipindini mwaka 1968 na kufanya karibu hayo hayo. Kati ya nyimbo zake zilikuwamo alizopiga mwenyewe, kitabu alichotaka ni cha maisha yake mwenyewe, na kitu chake cha anasa kilikuwa tarumbeta. Lakini huyu hakuna aliyemlaumu sana. Fundi kuomba chombo chake cha kazi si kiburi. Ukimwacha mshonaji kisiwani, ataulizia cherehani.

Yapo na ya kuchekesha. John Cleese, mchekeshaji wa Uingereza, aliomba mwaka 1997 aruhusiwe kwenda na mwenzake wa kazi, Michael Palin. Kanuni inakataza kubeba mtu. Baada ya kubishana bei, akakubaliwa kwa sharti kwamba Palin awe amekufa na kukaushwa kama wanyama wa makumbusho. Hayo ndiyo mapatano ya sokoni: kila upande umeachia kidogo, na bidhaa imepita.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni lile lililopotea. Sauti ya kipindi cha kwanza, cha Vic Oliver, haipo tena. Mengi ya miaka ya mwanzo hayakuhifadhiwa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeona umuhimu wa kuweka mazungumzo yaliyokwisha kusikika. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba zaidi ya mahojiano 90 yaliyodhaniwa kupotea yamepatikana kwa mkusanyaji binafsi wa kanda. Shirika kubwa kama lile, lenye ghala na wahasibu, liliokolewa na mtu mmoja aliyetunza kitu ambacho wengine walikiona taka.

Sasa turudi Bwera. Sisi kisiwa chetu si cha kutengwa na maji. Mto wetu ni mdogo, na Mkonzo wa upande huu na Mnande wa upande ule wanasikilizana lugha bila mkalimani. Mawimbi ya redio hayaonyeshi kitambulisho mpakani. Redio ya Bwera husikika Kasindi. Kwa miaka mingi vipindi vya salamu na nyimbo za kuomba vimefanya kazi ambayo simu ilikuwa haijaweza kuifanya: kumjulisha ndugu wa ng'ambo kwamba bado tupo, kisha kumpigia wimbo.

Na nyimbo zenyewe zilivuka kama sisi. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na gitaa lake likajulikana mpaka Nairobi. Orchestra Makassy, bendi ya Wakongo, ilipiga Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam miaka ya 1970. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, naye alipita Kampala, akafika Nairobi na kuongoza Orchestra Virunga, jina la milima iliyo jirani yetu. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Makassy, akawa Dokta Remmy wa Watanzania mpaka alipofariki mwaka 2010.

Waulize watu hao walikuwa wa nchi gani, na jibu litakuwa refu. Kongo ilipokubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2022, wanasiasa walipeana mikono. Gitaa lilikuwa limekwisha kuingia miaka 70 kabla, bila hotuba.

Ninachokiogopa ni kwamba tunapoteza kama BBC walivyopoteza, na sisi hatuna mkusanyaji wa kutuokoa. Bwera na Kasese wapo wazee waliofanya kazi Kilembe shaba ilipokuwa ikipakiwa kwenye treni, na wapo akina mama waliovuka na kahawa enzi za magendo. Wamezika ndugu upande mmoja na kulea wajukuu upande wa pili. Kila mmoja ana wimbo uliokuwa ukilia redioni siku ile alipopata mtaji wake wa kwanza, au siku ile alipopokea habari mbaya kutoka Beni. Mtu huyo akiondoka, wimbo unabaki, lakini ile siku inaondoka naye.

Kipindi cha namna hii hakihitaji mitambo mikubwa. Redio zetu za Kasese na Bwera zinaweza kutenga saa moja kwa wiki, zikamkalisha muuza mawese wa Kasindi au mama wa samaki wa Katwe, na kumuuliza kwa Kiswahili: Mama, nyimbo nane ni zipi, na kwa nini? Wenye magari na wenye vikapu wote wangesikiliza, maana hapo hakuna wa kumpita mwingine. Muhimu ni kuhifadhi sauti hiyo baada ya kuirusha.

Redio zisipoanza, anza wewe. Simu uliyo nayo mkononi inarekodi. Jioni hii, mkiwa mmefunga kibanda na kuhesabu shilingi na faranga, mkalishe mzee wako na umuulize wimbo wa kwanza. Usimharakishe. Wa nane utafika wenyewe, na pengine huo ndio utakaokueleza kwa nini familia yenu ilivuka.