Kutu Hutoka Ndani, Vumbi Hutoka Barabarani

Lori la miwa linalopita Mafubira kuelekea Kakira, karibu na Jinja nchini Uganda, hubeba wekundu wa aina mbili. Mmoja ni vumbi la murramu lililotanda kwenye madigadi na milango. Mwingine ni kutu, iliyochimbuka chini ya rangi ya bodi pale maji yanapotuama. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha, na si ajabu: udongo wa huku ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, na kutu nayo ni oksidi ya chuma. Lakini kwa fundi anayeunganisha magari madogo ya plastiki na kuyapaka rangi yafanane na ya kweli, kuzitenganisha mbili hizi ndiyo kazi yenyewe. Asipozitenganisha, gari lake huonekana kama limechovywa kwenye chai.

Kutu huanza pale chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Oksidi inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi ya bodi huvimba, hupasuka, kisha hubanduka. Kutu changa ina rangi ya machungwa. Ya zamani hukolea ikawa kahawia iliyokaribia weusi. Kwa hiyo doa la kutu lina umri unaosomeka, nayo michirizi inayoshuka chini yake huonyesha mvua ilikopitia. Rangi moja ya machungwa iliyopakwa kila mahali hufuta habari hiyo yote.

Kabla ya kushika brashi, swali la kwanza ni hili: sehemu hii imetengenezwa kwa nini? Land Rover ndilo mtego mkubwa. Lilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Fremu ya chini ni ya chuma na hula kutu vibaya sana. Bati la ubavuni halili kutu nyekundu hata likae mvuani miaka 50. Likichunika hubaki na kijivu kilichofifia, na likigusana na chuma hutoa unga mweupe. Bado Land Rover ndogo zenye mashimo mekundu ubavuni zinaendelea kutengenezwa, na wengi huzisifu. Ni kazi safi ya mkono, lakini si kweli.

Kosa la pili ni la vipimo. Kwenye gari lililopunguzwa mara 35, doa la milimita 1 ni sawa na doa la sentimita 3.5 kwenye lori lenyewe. Mchubuko wa kawaida wa mlangoni basi ni mdogo kuliko ncha ya brashi nyingi. Ndiyo sababu mafundi huchana kipande cha sponji, hukichovya kwenye kahawia iliyokolea, hukifuta karibu kikauke kabisa, kisha hugusa kingo tu: mdomo wa boneti, ngazi ya dereva, pembe za trela.

Kwa rangi inayobanduka, njia inayopendwa zaidi hutumia spreyi ya nywele ya kawaida. Gari hupakwa kwanza rangi za kutu, nyeusi, kahawia na machungwa kwa mabaka. Zikikauka, hupuliziwa spreyi, kisha juu yake rangi ya bodi inayochanganywa na maji. Kabla rangi hiyo haijakomaa, fundi hulowesha sehemu moja na kuisugua kwa brashi ngumu au kijiti cha meno. Maji hupenya, spreyi huyeyuka, rangi ya juu huachia vipandevipande na kutu ya chini hujitokeza. Rangi hubanduka kweli, ndiyo maana jicho hukubali. Michirizi hufuata: tone la rangi ya mafuta, likivutwa kuelekea chini kwa brashi yenye tapentaini kidogo.

Vumbi huja mwisho, kwa kuwa hata barabarani huja mwisho. Hapa mkazi wa Jinja au Mbale ana hazina chini ya miguu, maana poda nyingi za rangi ya udongo zinazouzwa ghali zina oksidi hizohizo za chuma. Ila udongo ukaushwe, usagwe na kuchekechwa kwa kitambaa. Chembe ya milimita 0.2 kwenye gari hilo dogo ni kokoto ya milimita 7.

Kuna magari yasiyostahili kutu hata kidogo. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari Rally ya Pasaka mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Gari la mbio za siku chache hupata tope, mikwaruzo na mawe, halipati muda wa kuoza. Anayelitengeneza alipake tope zito nyuma ya magurudumu, asiweke kutu.

Anayeanza leo asinunue chupa 20 za rangi. Kahawia, nyeusi, machungwa, rangi moja ya bodi, spreyi ya nywele na kopo la udongo uliochekechwa vinatosha. Achukue mlango mmoja wa plastiki, asimame kando ya barabara ya Iganga aangalie milango ya malori, kisha ajaribu mlango huo mpaka aridhike, ndipo aguse gari zima.