Mlo wa Mgonjwa wa Kisukari Waanzia Jikoni: Makongolosi na Vyakula vya Sokoni Kwake

Mtu anayegundulika kuwa na kisukari aina ya pili hutoka kliniki akiwa na vitu viwili: vidonge na ushauri wa chakula. Vidonge vina maelekezo ya wazi, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ushauri wa chakula mara nyingi humfikia kwa ufupi, kwamba apunguze wanga na sukari, naye hurejea nyumbani kwenye sufuria ileile na unga uleule asijue aanzie wapi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matibabu ya ugonjwa huu hufanyika jikoni, na vyakula vinavyohitajika havitoki mbali.

Katika mji mdogo wa Makongolosi, wilayani Chunya mkoani Mbeya, suala hili lina uzito wa pekee. Eneo hilo ni sehemu ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, ulioanza kuvuta wachimbaji tangu miaka ya 1920, na hadi leo wapo wachimbaji wadogo wanaoishi mbali na familia zao. Mtu wa namna hiyo hula kwa mama lishe au hujipikia kwa haraka: asubuhi chai yenye sukari nyingi na chapati, mchana ugali mkubwa wa sembe wenye mboga kidogo pembeni, jioni wali, na katikati ya hapo soda au kinywaji cha kuongeza nguvu. Akiwa kijana anayeingia duarani kila siku, misuli hutumia kiasi kikubwa cha nishati hiyo. Tatizo hujitokeza baadaye, anapokuwa msimamizi, dereva au mfanyabiashara. Kazi hubadilika, sahani hubaki ileile.

Ukubwa wa tatizo kitaifa unajulikana. Utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika nchini mwaka 2012 ulionesha kuwa asilimia 9.1 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mwezi Novemba 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na kila tarehe 14 Novemba Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kisukari Duniani. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa ya Frederick Banting, daktari wa Kanada aliyeshiriki kugundua insulini mwaka 1921.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Chakula chenye wanga kinapoliwa, mwili hukivunja kuwa glukosi inayoingia katika damu, na insulini ndiyo inayoiwezesha glukosi hiyo kuingia katika chembe hai ili itumike kama nishati. Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya pili, insulini haitoshi au mwili hauitikii ipasavyo, hivyo sukari hubaki katika damu na kuharibu taratibu mishipa, macho, figo na neva za miguu. Kipimo cha damu kilichochukuliwa baada ya kufunga kula kwa saa 8 au zaidi kikionesha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikathibitishwa, mtu huyo ana kisukari.

Kutokana na maelezo hayo, si sukari ya kwenye kopo pekee inayohusika. Ugali, wali, viazi, ndizi, mihogo, chapati na uji vyote huishia kuwa glukosi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Ndiyo maana mtu anayeacha sukari kwenye chai lakini akaendelea kula mlima wa ugali hushangaa kuona kipimo chake hakishuki.

Hapa ndipo suala la dona linapoingia, na linahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, pumba na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, sehemu ya vitamini na madini. Unga wa dona hubaki na sehemu hizo, hushibisha zaidi na humeng'enywa polepole kuliko sembe. Hali kadhalika mtama, uwele na ulezi, ikiwa havikukobolewa. Lakini dona si dawa. Imejengeka imani kwamba mgonjwa wa kisukari akibadili sembe kwa dona au ugali wa mtama anaweza kula kiasi chochote, na imani hiyo imewaponza wengi. Wanga uliomo katika dona bado ni mwingi. Kinachodhibiti sukari ya damu ni aina ya unga pamoja na kipimo chake, na kati ya hivyo viwili kipimo ndicho kinachosahaulika.

Kipimo hakihitaji mizani. Kipande cha ugali chenye ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mzima asiyefanya kazi nzito, na mhudumu wa afya ataongeza au kupunguza kulingana na uzito, dawa na kazi ya mhusika. Anayejipikia atenge kikombe kimoja cha kupimia unga na akitumie hichohicho kila siku, kwa kuwa unga unaomiminwa kwa makadirio huongezeka bila mtu kutambua. Kisha sahani igawanywe kwa macho: nusu yake iwe mboga, robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Kwa kaya nyingi hayo ni mageuzi makubwa, maana mboga iliyozoeleka kuwa kitoweleo cha kushushia ugali sasa inapaswa kuwa sehemu kubwa kuliko ugali wenyewe.

Mboga za kujaza nusu hiyo zipo sokoni: mchicha, majani ya maboga, matembele, chainizi, kabichi, bamia, nyanya chungu, bilinganya. Upishi wake ni mwepesi. Mboga huoshwa kabla ya kukatwa, kitunguu hukaangwa kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, nyanya huongezwa hadi ziive, kisha mboga huingia na kufunikwa kwa dakika chache tu ili ibaki na rangi yake. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kilokalori 120. Anayependa mboga ya karanga asiyaongeze mafuta juu yake, kwani karanga zina mafuta ya kutosha. Chumvi kwa mtu mzima kwa siku nzima, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, iwe chini ya gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, na kiwango hicho kinajumuisha ile iliyomo kwenye samaki wa kukausha na viungo vya pakiti.

Maharage, kunde, choroko na mbaazi vina nafasi ya pekee. Vina protini na nyuzinyuzi nyingi, hupandisha sukari polepole na bei yake huhimilika kuliko nyama. Vilowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha vichemshwe hadi viive kabisa. Kuloweka hupunguza muda wa kupika na hivyo kuokoa mkaa. Izingatiwe kuwa navyo vina wanga, kwa hiyo bakuli la maharage halikuruhusu ugali uleule wa awali. Samaki wa Ziwa Rukwa au dagaa waliochemshwa na kuungwa kwa nyanya ni kitoweo bora kuliko waliozama kwenye mafuta.

Barabara ya lami ya kilomita 39 kutoka Chunya imerahisisha pia kufika kwa viazi, mchele wa Kyela na maparachichi ya Rungwe. Parachichi lina sukari kidogo sana, nusu yake inaweza kuliwa na kachumbari pasipo hofu. Matunda mengine hayakatazwi, ila yaliwe mazima badala ya kukamuliwa: chungwa moja, kipande cha papai au ndizi mbivu moja ndogo kwa wakati mmoja. Juisi, hata ya kutengenezwa nyumbani bila sukari, hukusanya sukari ya matunda kadhaa katika glasi moja. Asali nayo ni sukari. Soda moja ya mililita 350 huwa na takriban vijiko tisa vya chai vya sukari, na hakuna marekebisho ya ugali yanayoweza kufidia soda tatu kwa siku.

Upo upande wa pili wa shilingi ambao kwa mji wa machimbo hauwezi kupuuzwa. Anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi, akimeza dawa na kuingia duarani bila kula anaweza kushukiwa na sukari hadi kiwango cha hatari. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Chini ya ardhi, dalili hizo zinaweza kudhaniwa kuwa uchovu au ukosefu wa hewa. Mtu huyo apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, na apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika 15; asipopata nafuu, arudiwe. Akishazinduka vizuri ale chakula. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni, awahishwe kituo cha afya. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayefanya kazi ngumu hapaswi kuruka mlo ili kushusha sukari, na wenzake kazini wanapaswa kujua hali yake.

Mlo wa siku unaweza kuwa hivi. Asubuhi, chai isiyo na sukari, yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa kwa ganda lake. Mchana, ugali wa dona wa ngumi moja, maharage na majani ya maboga. Jioni na mapema, dagaa au samaki, kabichi nyingi na wali kidogo. Familia nzima inaweza kula chakula hicho. Kumpikia mgonjwa sufuria yake peke yake hugharimu kuni na muda, humtenga, na wanafamilia ambao damu yao inawaweka katika hatari ileile hukosa faida.

Kwa wanaokula kwa mama lishe, inatosha kuomba nusu ya ugali na mboga mara mbili. Mapatano hayo yafanyike kabla chakula hakijapakuliwa, kwa kuwa ni wachache wanaoweza kuacha ugali ulio mbele yao tayari.

Wajawazito wenye kisukari, watoto na wagonjwa ambao figo zao zimeanza kuathirika wanahitaji ushauri wao mahsusi. Kwa mwenye tatizo la figo, kiasi cha protini, chumvi na baadhi ya matunda hupangwa na daktari. Aidha, hakuna anayepaswa kuacha dawa kwa sababu vipimo vimeshuka baada ya kubadili mlo. Anayekwenda kliniki aende na daftari lenye vipimo vyake na orodha ya alichokula kwa siku tatu zilizopita, pamoja na saa alizokula na saa alizomeza dawa, ili daktari aweze kupunguza au kuongeza dozi kwa kuzingatia sahani halisi ya mgonjwa.