Ushuru wa Vifurushi na Hisabu Impasayo Mnunuzi

Ushuru, kama wajuavyo wenye kufuatilia asili ya maneno, ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya sehemu moja ya kumi. Na hapana mwenyeji wa Mji Mkongwe asiyejua kwamba Forodhani imeitwa hivyo kwa sababu ya forodha iliyokuwapo mahali pale. Katika mkataba uliofungwa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, ushuru wa shehena zishushwazo na merikebu za Kimarekani uliwekwa kuwa 5 kwa 100, na kazi ya kuukusanya Unguja ilikuwa ikitolewa kwa ijara kwa matajiri wa Kihindi, ambao maarufu wao alikuwa Jairam Shivji. Basi tajiri wa Salem, bandari ya Marekani, aliyepakia majora ya merikani aliweza, kabla hajang'oa nanga kwao, kuketi na karani wake akapiga hisabu ya atakachotoa akifika Unguja. Ilhali leo, karibu miaka 200 baadaye, mwanamke wa Tabata anunuaye gauni moja kwa simu yake kutoka Guangzhou, akalilipia papo hapo, hana njia nyepesi ya kujua gauni lile litakuwa limemgharimu kiasi gani siku atakapolishika mkononi.

Si kwamba sheria imefichwa. Tangu Januari 1, 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina umoja wa forodha, wenye sheria yake ya mwaka 2004 na viwango vyake vya pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya: malighafi na mitambo kwa jumla haitozwi kitu, vitu vilivyotengenezwa nusu hutozwa 10 kwa 100, na vilivyokamilika 25. Tarehe 1 Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, 35 kwa 100, juu ya bidhaa ambazo Jumuiya yaona yaweza kujitengenezea, mavazi na samani zikiwamo. Juu ya ushuru huo huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni 18 kwa 100 na Kenya 16, nayo haihesabiwi juu ya bei tupu bali juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Gauni lenye thamani ya forodha ya shilingi 100,000 hutozwa kwanza 35,000. Kisha zile 135,000 hutozwa 18 kwa 100, yaani 24,300. Na hapo mnunuzi amekwisha kudaiwa 59,300, kabla haijatajwa tozo ya reli, wala ada ya forodha, wala ujira wa wakala, wala gharama ya ghala kama mzigo umelala.

Na thamani hiyo ya forodha ni nini? Desturi ya Jumuiya ni kujumlisha bei, bima na nauli ya mpaka bandari ya kuingilia. Walakini Jedwali la Nne la sheria ile lasema bayana kwamba mzigo ukija kwa ndege, nauli haiongezwi katika thamani. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa anunuaye kwa simu, kwa kuwa kifurushi chake aghalabu huja kwa ndege na nauli yake mara nyingi hukaribia bei ya kitu chenyewe, lakini ni wachache mno niliopata kuzungumza nao walio na habari zake. Kadhalika muuzaji wa mbali, akidhani anamfanyia mteja wake hisani, huandika katika fomu ya posta kwamba kilichomo ni zawadi, au hutaja thamani isiyofanana na kitu. Na afisa wa forodha asiporidhika ana mamlaka ya kuikataa bei ile na kuweka makadirio yake. Ndipo hisani ya mtu aliye Guangzhou inapogeuka taabu ya mtu aliye Tabata.

Kwa kuikimbia taabu hiyo, wengi wamewakabidhi mizigo yao wakusanyaji wenye maghala Guangzhou na Dubai, ambao hutoza kwa kilo mzigo wa ndege na kwa CBM, yaani mita ya ujazo, mzigo wa meli, ushuru ukiwa umo ndani kwa ndani. Faida yake ni dhahiri, maana mtu hulipa mara moja akatulia; lakini mwenye mzigo aghalabu hapati hati yoyote ya forodha yenye jina lake, na pakitokea hitilafu hana cha kushika.

Ajabu ni kwamba dawa ya maradhi haya imekwisha kutumika hapa hapa, katika magari. Mtu wa Dar es Salaam atakaye gari lililotumika Japani, kabla hajatuma hata senti moja Yokohama, hufungua mfumo wa Mamlaka ya Mapato wa kukadiria thamani ya magari, akachagua aina, mwaka na ukubwa wa injini, na kila kodi ikajitokeza mstari kwa mstari. Na kodi zenyewe si haba: kwa gari la injini ya cc 1500 lililopita miaka 10, ushuru wa forodha ni 25 kwa 100, ushuru wa bidhaa 5, nyongeza kwa ajili ya uchakavu 30, kisha 18 za ongezeko la thamani juu ya jumla hiyo yote, hata kodi ikakaribia kulingana na thamani ya gari. Wako wanunuzi walalamikao kwamba makadirio ya mfumo hupita bei waliyolipa, na malalamiko hayo hayakosi haki. Lakini hata mlalamikaji huyo alijua mapema, akaamua kununua au kuacha. Kwa nini mwenye gari apewe heshima hiyo na mwenye gauni anyimwe?

Sisemi kwamba ushuru uondolewe. Fundi cherehani wa Mwananyamala, alipaye pango na leseni na kumlisha msaidizi wake, hawezi kushindana na karakana inayoshona magauni kwa maelfu kama kifurushi kitaingia bure. Na mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye kontena lake hupekuliwa lote, ana haki ya kuuliza kwa nini mzigo ule ule ukikatwakatwa vipande 1,000 upite bila kuulizwa. Dunia nayo yaelekea huko: Umoja wa Ulaya ulifuta Julai 1, 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vitu visivyozidi euro 22, na Marekani, iliyokuwa ikiviachia vifurushi vya hadi dola 800, ilisimamisha msamaha huo kwa nchi zote Agosti 29, 2025. Walakini Ulaya, ilipofuta msamaha, iliweka pia njia ya muuzaji kujiandikisha na kuitoza kodi ile pale pale mteja anapolipa, na Australia ilikuwa imekwisha kuwapa wauzaji wa nje dhima kama hiyo tangu Julai 1, 2018. Tanzania yenyewe, tangu Julai 2022, huwataka wauzaji wa nje wa huduma za kielektroniki wajiandikishe na kuwasilisha kodi. Rai yangu ni kwamba utaratibu uliowezekana kwa filamu na programu wafaa kujaribiwa kwa viatu na magauni.

Mpaka hapo, mnunuzi na ahifadhi ankara na uthibitisho wa malipo yake, adai karatasi yenye kila tozo mstari wake, na atazame kama nauli ya ndege imeingizwa katika thamani. Akiona amedhulumiwa, kifungu cha 229 cha sheria ya Jumuiya chamruhusu kumwandikia Kamishna ndani ya siku 30 akiomba uamuzi ule uangaliwe upya. Na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, ambazo zikipita pasipo jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa.