Mkanda wa Taimingi Ubadilishwe Lini?

Baba alinunua gari iliyokwisha tumika Japani, ikashushwa bandarini Mkoani. Mita ilionyesha kilomita 82,000. "Bado mapema," akasema, maana fedha iliyobaki ilikuwa ya mabati. Fundi wetu wa Chake Chake akajibu, "Mzee, mita haisemi umri."

Mkanda huu wa mpira huzifanya valvu zifunguke kwa zamu yake na pistoni. Magari mengi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, lakini mpira huzeeka hata gari ikilala. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu zikapinda. (Injini za cheni hazina mkanda huu.)

Tulitafuta kibandiko cha tarehe ndani ya boneti; hakuna. Ulipofunguliwa, tuliona nyufa. Mabati yatangoja karafuu.