Dona Unapiga, Damu Haisemi

Oya wana wa Nyanda za Juu, hii ishu ni ya ugali, kwa hiyo inamgusa kila mtu kuanzia Tunduma mpaka Ilula. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu anakula nafaka nzima au anapiga stori tu. Unatoa damu kidogo, maabara wanaisoma, mchezo umeisha. Sasa chukua msela wa Mwanjelwa anayepiga dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, mchana na usiku, mwaka mzima. Akipimwa kwa kipimo hicho, majibu yatasema hajagusa nafaka nzima hata tonge moja. Mchizi wa Ulaya aliyekula vipande viwili vya mkate mweusi asubuhi, yeye ataonekana ndiye mkali wa lishe. Hiyo inaniuma, na nitaeleza kwa nini.

Kipimo chenyewe kimekaa kijanja. Ganda la ngano, na la rai, ile nafaka ya mikate myeusi ya Ulaya kaskazini, lina aina ya mafuta yanayoitwa alkilirizosinoli. Ukikoboa, yanaondoka na pumba, unga mweupe unabaki karibu mtupu. Kwa hiyo chapati ya ngano nzima inayaingiza kwenye damu, chapati nyeupe ya supu ya asubuhi pale Kabwe haikuachii kitu cha maana. Na kwa kuwa vyakula vingine vingi havina mafuta hayo, yakikutwa kwenye damu yako, umejulikana. Watafiti wa Uswidi, wakiwemo Afaf Kamal-Eldin mwenye asili ya Sudan, Rikard Landberg na Alastair Ross, ndio waliokomaa na hii kitu miaka ya 2000. Wakafika mbali kinoma: wanalinganisha molekuli yenye mnyororo wa kaboni 17 na ile ya 21. Uwiano ukicheza kwenye 0.1, umekula ngano. Ukikaribia 1, ni rai. Yaani damu inataja mpaka aina ya mkate.

Kwa nini wahangaike hivyo wakati wangeweza kuuliza tu? Kwa sababu kuuliza kunazingua. Mtafiti anakaa na daftari, anauliza jana ulikula nini, kiasi gani. Watu wanasahau, na wengine wanataja msosi wanaotamani waonekane wanakula. Huku kwetu ni noma zaidi: sinia moja la ugali, wana watano wamezunguka, nani anahesabu matonge? Damu haioni aibu mbele ya mgeni. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa wa Ulaya uliotumia alama hizo za alkilirizosinoli. Waliokuwa nazo nyingi kwenye damu walionekana kupata kwa uchache saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Majibu ya aina hiyo huwezi kuyaamini sana ukitegemea kumbukumbu za watu peke yake.

Kipimo hicho kina udhaifu wake pia. Ndani ya saa 5 hivi, nusu ya mafuta hayo imeshatoka kwenye damu, kwa hiyo kinamfaa zaidi mtu anayekula mkate ule ule kila siku. Lakini kwa Mbeya na Iringa tatizo liko mbali na hapo. Mahindi karibu hayana kabisa alkilirizosinoli. Mchele wa Kyela nao hivyo hivyo, hata usipokobolewa vizuri. Kipimo kilijengwa juu ya mkate, na sisi tumejengwa juu ya ugali.

Na ugali wetu una siasa zake kitaa. Sembe jeupe pee, la mahindi yaliyokobolewa, ndilo la mgeni, la harusi, la kuonyesha kwamba home mambo safi. Dona linabeba sifa ya bweni, ya kambi, ya kubana matumizi. Kuna machizi wakiona ugali wenye rangi ya kahawia kidogo wanarudi kidato cha pili kimawazo. Ila ukienda mashineni pale Mlandege ukasikiliza wateja, kuna wanaosema "nisagie hivyo hivyo, usikoboe", na wengi wana sababu: mzee ana sukari, bi mkubwa ameambiwa na daktari, mwingine anapiga tizi. Kwenye kukoboa, pumba na sehemu kubwa ya kiini vinaenda kwa nguruwe na kuku, na humo ndimo nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B zilimokaa. Wana wanaochagua dona wako sahihi, ila hakuna kipimo cha damu kilichokubalika cha kuwathibitishia.

Je, mahindi hayaachi alama nyingine? Yanaacha. Mahindi, mtama, ulezi na miwa vina kaboni nzito, kaboni 13, kwa wingi kidogo kuliko mchele, ngano na maharage, kwa sababu vinanasa hewa ya kaboni kwa njia tofauti. Alama hiyo inaingia kwenye damu na kwenye nywele. Kwa hiyo mtu wa wali wa Kyela na mtu wa ugali wa Kihesa wanaweza kutofautishwa. Freshi. Lakini dona na sembe vimetoka gunzi moja, kaboni yao ni ile ile. Na sukari ya Kilombero unayomwaga kwenye chai nayo ni ya muwa, inachafua hesabu. Njia nyingine ni asidi ya feruliki, ambayo pumba za mahindi zimeshiba. Shida ni kwamba kahawa nayo inaileta mwilini, na huku tuna kahawa ya Mbozi na ya Rungwe.

Sasa sikieni hii, maana hapa ndipo mahindi yetu yaliwahi kusomwa kwenye damu kweli. Kijiji cha Nyabula, Iringa, ni kimoja kati ya vijiji vitatu vilivyotoa watoto 166 kwenye utafiti wa Candida Shirima, Martin Kimanya na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015. Vingine vilikuwa Tabora na Kilimanjaro. Walichokuwa wanatafuta ni sumukuvu, sumu zinazotokana na ukungu. Aflatoksini ikiingia mwilini inang'ang'ania albumini, protini ya damu inayodumu wiki kadhaa, kwa hiyo tone moja linasimulia miezi miwili mitatu ya uji na ugali. Fumonisini, sumukuvu nyingine, waliisoma kwenye mkojo. Watoto walianza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 14, wakafuatiliwa mwaka mzima. Kadiri walivyozidi kula chakula cha familia, alama ya aflatoksini ilipanda, na mwishoni karibu kila mtoto alikuwa nayo. Waliokuwa na fumonisini nyingi zaidi walikuwa wafupi zaidi kuliko wenzao.

Weka hilo pembeni ya takwimu za kitaifa za mwaka 2022: Iringa, mkoa wa magunia ya mahindi, watoto wenye udumavu chini ya miaka mitano ni asilimia 57, wakati nchi nzima ni 30. Sababu za udumavu ni nyingi na zimeshikana, sumukuvu ni moja tu kati ya zinazoshukiwa. Lakini mimi kama kijana wa huku siwezi kuipita hiyo namba kama nimeona matokeo ya mechi.

Na inamhusu mla dona moja kwa moja. Sumu hizi hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa kunazipunguza. Anayehubiri dona bila kusema hivyo anawaficha watu kitu. Mahindi ya dona yanataka kazi: yaanikwe juu ya turubai, yakauke kisawasawa kabla ya kuingia gunia, na kabla ya mashine uyachambue kwa mkono, utupe yenye ukungu, yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi. Ni kazi inayochosha, inayoangukia akina mama na wadogo zetu wa kike, na masela tunaweza kukaa chini tukaifanya. Na ukipuuza, inaua: mwaka 2016, Dodoma na Manyara, aflatoksini iliwaangusha watu 68, na 20 kati yao walifariki.

Kwamba damu ya Mtanzania inaweza kusimulia msosi wake, Moshi wameshaonyesha. Watafiti wa taasisi ya utafiti ya KCRI na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, akina Vesla Kullaya na Quirijn de Mast, waliwachukua vijana wa kiume 77. Wengine walihamishwa kutoka chakula cha asili cha Kilimanjaro kwenda kwenye soseji, chipsi na mkate mweupe kwa wiki mbili, wengine wakageuzwa kinyume chake, na kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Majibu yalitoka mwaka 2025 kwenye jarida la Nature Medicine: waliohamia chakula cha kizungu, dalili za uvimbe zilipanda kwenye damu na kinga ikalegea. Waliorudi kwenye ulezi, maharage na mboga, uvimbe ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu zilitosha, wana, na sisi tunaweza kufanya hivyo kwa dona. Mbeya kuna kituo cha utafiti cha NIMR chenye maabara, na njia ya kwenda Igawilo kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, wanaoyajua mahindi ya ukanda huu mbegu kwa mbegu. Pangeni vijana wa Iringa makundi mawili, mahindi yaliyochambuliwa vizuri ya shamba moja, kundi hili sembe, lile dona, bila kahawa, sukari ya chai sawa kwa wote. Kisha mtafute kwenye damu kitu ambacho kundi la dona wanacho na wenzao hawana. Wanakemia wa vyuo vya MUST na Mkwawa, hiyo molekuli bado inamsubiri wa kuipa jina.