Alama Niliyomnyima Mwanafunzi wa Muziki

Ipo kanuni moja ambayo sisi walimu wa muziki tumeirithishana kama mali ya ukoo: ufunguo wa meja ni furaha, ufunguo wa maina ni huzuni. (Meja huyu hana cheo jeshini, wala maina huyu si jina la mtu.) Mwanafunzi huikariri, huiandika mtihanini, akapata alama yake na kwenda zake. Nami niliifundisha kwa miaka kadhaa, hadi siku iliponifedhehesha.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya upili isiyo mbali na Voi, mahali ambapo mlima Sagalla huonekana dirishani na vumbi jekundu halibishi hodi. Kwa mtihani wa kusikiliza niliwachezea wanafunzi kanda ya sonata ya Beethoven ya fidla na piano, ile iitwayo Kreutzer. Swali lilitaka mambo matatu: mwendo, ufunguo, na hali ya moyo inayoletwa na muziki ule. Jalada la kanda lilisema kwamba sonata ni ya A meja. Basi mwongozo wangu wa kusahihisha ukawa tayari hata kabla sijatega sikio: mwendo wa mbio, ufunguo wa meja, furaha.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliandika kwamba muziki unaanza kwa utulivu, kisha fidla na piano zinagombana kwa kasi, na kwamba ugomvi huo uko katika maina. Nikatia mkwaju mwekundu. Aliponijia kulalamika, nilimwonyesha jalada. Alilisoma, akanirudishia, akasema, “Sawa, Mwalimu,” kwa adabu ile ya mtu ambaye hajakubali.

Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu mmoja wa Wundanyi aliniazima kitabu cha nota za sonata hiyo. Fidla huanza peke yake, polepole, ukurasa ukiwa na alama tatu za kupandisha sauti, yaani A meja kama jalada lilivyodai. Piano inapojibu tu, uso wa muziki unaanza kukunjamana. Kisha linakuja neno presto, mbio, na zile alama tatu zinafutwa. Sehemu iliyobaki ya mwendo huo wa kwanza, ambayo ndiyo kubwa, msingi wake ni A maina. Meja ya jaladani ni jina la kazi nzima, nayo hurejea kwa uchangamfu katika sehemu ya tatu, ambayo sikuwachezea wanafunzi wangu kamwe.

Ajabu ni kwamba tofauti yenyewe ni ndogo mno. Piga A, C iliyopandishwa nusu hatua, na E: hiyo ni meja. Ishushe C nusu hatua, ukiziacha nyingine zilivyo, nawe uko katika maina. Sikio la yule msichana lilikamata nusu hatua hiyo kutoka kwenye redio ya kaseti iliyokuwa ikikoroma.

Na redio yenyewe ilikuwa shahidi asiyeaminika. Waliotumia vyombo vile wanakumbuka betri zikichoka: kanda huzubaa, na mwendo na sauti hushuka pamoja. Kasi ikipungua kwa takriban asilimia 6, muziki wote umeteremka nusu hatua, na A imekuwa A ya kushushwa. Mwanafunzi mwenye sikio kali angeandika alichosikia, nasi tungemkosoa kwa kosa la betri. Hata mwendo sahihi hatuwezi kuutaja kwa tarakimu, kwa kuwa Beethoven alimaliza kazi hii mwaka 1803, ilhali kipima mwendo cha Maelzel kilipata hataza mwaka 1815. Alituachia neno tu, na kila wapigaji hulipima wapendavyo.

Mtu wa kwanza kuipiga fidla ya sonata hii, akiwa na Beethoven mwenyewe kwenye piano mjini Vienna, alikuwa George Bridgetower, fundi ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kiafrika. Wawili hao wakakosana, na kazi ikatunukiwa Rodolphe Kreutzer. Jalada langu halikumtaja Bridgetower hata kwa herufi moja. Ningalilijua hilo, pengine ningaliyashuku na maneno yake mengine.

Lakini sikuwa na haja ya kwenda Vienna. Hapa hapa Taita Taveta alizaliwa Fadhili William, aliyeirekodi Malaika na kuitembeza dunia nzima. (Wako wanaosema mtunzi ni Adam Salim, kesi hiyo siiamui leo.) Wimbo huo uko katika meja, tangu mwanzo hadi mwisho. Je, ni wa furaha? Ni kilio cha kijana ampendaye msichana, na umaskini unamzuia kumwoa. Kinacholiza pale ni mwendo wa taratibu, sauti inayokawia juu ya neno, na maneno yenyewe. Na ukienda kwenye Mwazindika, ngoma ya Wataita ya kutuliza pepo, midundo haina meja wala maina. Hata hivyo mwendo wake huwatoa watu mahali walipo.

Mambo haya nilikuwa nikiyasikia maishani mwangu mwote. Nilipoingia darasani niliyaacha mlangoni, nikaamini karatasi.

Mwaka uliofuata niliicheza kanda ile tena, kwa betri mpya, jalada likiwa mfukoni. Sikutaja jina la kazi wala la mtunzi. Niliwaomba wanafunzi waandike kwanza walichosikia, ndipo tukaanza kutafuta ufunguo. Yule msichana hakuwapo; alikuwa amekwisha kumaliza kidato cha nne, na alama zake mbili zilibaki katika daftari langu, zimekatwa kwa wino mwekundu.