Kuhesabu Maharage ya Mbinguni

Hapa kwetu Rungwe ukungu ukiondoka usiku, nyota huonekana nyingi zisizo na hesabu. Kumbe hizo ni sehemu ndogo tu. Wataalamu wasema kuna kitu kingine, kisichotoa mwanga, chenye uzito uliozidi mara 5 hivi vitu vyote tuvijuavyo. Wakiita maada ya giza. Hakuna aliyekiona, chajulikana kwa uzito wake, kama gunia lililoshonwa mdomo.

Tena ulimwengu wapanuka, kama alivyoandika Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, mwaka 1927. Fikiri basi ghala la maharage. Likiongezeka mara 2 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, nafasi yake huwa mara 8. Maharage ni yale yale, kwa hiyo penye 8 pabaki 1. Lakini je, ikiwa yanabunguliwa? Ndilo swali lenyewe: maada ya giza yatawanyika tu, ama yapungua pia?

Njia moja ya kupima ilianzia kwa jirani zetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili lasomwa vitabuni duniani kote.

Uhuru iliona makundi makubwa ya galaksi (galaksi moja ina nyota mabilioni) yakitoa eksirei, mwanga ule ule wa kutazamia mifupa hospitalini. Watoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ingetoroka kama mvuke wa chungu, isipokuwa kuna kifuniko kizito. Kifuniko ndicho maada ya giza, na ukali wa joto waonyesha uzito wake.

Sasa tazameni akili ya watu hawa. Mwanga wa mbali umesafiri miaka mabilioni, hivyo kundi la mbali twaliona lilivyokuwa kale. Maada ya giza ingekuwa inabunguliwa, fungu la gesi lingeonekana kubwa zaidi katika makundi ya karibu kuliko ya mbali. Wamepima kwa Chandra, setilaiti iliyorushwa 1999, na kwa vyombo vingine. Mpaka sasa kanuni ya 8 haijavunjika. Ila mizani hiyo bado si kali sana, upungufu mdogo waweza kujificha. Ndiyo maana wanazidi kupima makundi mengine, na mimi nawasifu kwa hilo.